Soksi ya goti kutoka Kariakoo baada ya miezi saba ya kuivaa

Soksi hii niliinunua mwezi wa Februari katika kibanda kimoja cha vifaa vya michezo kilichopo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa shilingi 15,000, baada ya kijana muuzaji kutaja 25,000 na mimi kugeuka kana kwamba naondoka. Ni ile nyeusi ya mpira laini wa sponji, yenye tundu la duara mbele panapokaa pia ya goti, na mikanda miwili ya kunasa, mmoja juu ya goti na mwingine chini yake. Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 53, na darasa la kidato cha nne ninalolifundisha liko ghorofa ya pili. Kwa hiyo ninaposema kwamba goti la kulia liliniuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, nazungumzia ngazi 38 ambazo nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Nilipofika kibandani sikuwa nimepimwa na mtu yeyote. Kijana aliniamkia shikamoo, akatazama nilivyokuwa nikichechemea, akatoa hukumu kabla sijafungua mdomo: "Goti limeisha mafuta hilo, mama. Vaa hii wiki mbili tu, utanitafuta kunishukuru." Akaniambia kwamba saizi ni moja kwa watu wote kwa kuwa mikanda inarekebishika, akanivisha juu ya dera palepale kwenye stuli ya plastiki, na ni kweli kwamba nilipoinuka nilihisi nafuu. Ninamkumbuka bila kinyongo, kwa sababu aliyoyasema ndiyo ambayo hata shangazi zangu wangeyasema, ila nimekuja kutambua kwamba katika dakika zile tano nilikuwa nimepokea utambuzi wa ugonjwa, tiba, na makadirio ya muda wa kupona kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza mipira na jezi.

Kauli ya mafuta ya goti kwisha haiko mbali sana na ukweli, lakini hupotosha mahali muhimu. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka gumu lenye uso laini unaoteleza, na katikati yake mna ute unaolainisha mwendo. Katika ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kusagika kwa magoti, gegedu hupungua na kuwa na mikwaruzo, mfupa ulio chini yake hubadilika na pengine kuota vijincha pembeni, na utando wa ndani ya goti huweza kuchokozeka hadi ukatoa maji mengi kuliko kawaida. Kwa maneno mengine, goti lililovimba mara nyingi limejaa ute kupita kiasi, wala halijakauka kama injini iliyokosa oili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa huu wa viungo, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi, hivyo katika chumba chetu cha walimu peke yake nina wenzangu wa kutosha wa kulalamika nao.

Nianze na sifa za soksi, kwa sababu inazo. Asubuhi ninapotoka nyumbani na goti likiwa limekakamaa, joto linalohifadhiwa na mpira ule hulilegeza haraka kuliko linavyolegea lenyewe, na mgandamizo wake huifanya ngozi na misuli iliyozunguka goti iupe ubongo taarifa zaidi kuhusu mahali mguu ulipo, jambo linalomfanya mtu akanyage kwa kujiamini. Nafuu hiyo si ya kufikirika tu. Siku za kusimamia mitihani, ambapo mtu hutembea taratibu kati ya madawati kwa saa tatu bila ruhusa ya kukaa, tofauti kati ya kuivaa na kutoivaa ilikuwa dhahiri kwangu, na vivyo hivyo nilipolazimika kusimama ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani nikiwa nimening'inia kwenye mkanda wa juu. Ushonaji wake ni mzuri kuliko bei yake inavyodokeza, maana mshono wa nyuma haujaachia hata baada ya kufuliwa kila baada ya siku mbili kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini.

Kasoro zake ni za aina mbili, na ile ya kwanza ni ya usumbufu tu. Joto la Dar es Salaam na mpira wa sponji havipatani. Ikifika saa sita mchana jasho hutiririka hadi kwenye kifundo cha mguu, na kufikia Machi nilikuwa nimepata vipele nyuma ya goti vilivyonifanya niivae kwa nusu siku badala ya siku nzima. Tena huteleza. Ngazi za kushuka huivuta chini kidogo kidogo, tundu la mbele linahama kutoka kwenye pia ya goti na kuibana pembeni, na mtu hulazimika kusimama, kufungua mikanda, na kuivuta upya. Mlio wa mikanda hiyo ikifunguliwa katika ukumbi wa mitihani uliotulia ni kama wa shuka linalochanwa. Watahiniwa 40 waliinua vichwa kwa pamoja, na mmoja akapata nafasi ya kutazama karatasi ya jirani yake.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile saizi moja kwa wote. Nilipokuja kuliona pakiti la soksi nyingine katika duka la dawa, nilikuta jedwali lenye saizi tano na maelekezo ya kupima mzunguko wa paja kwa futi ya fundi cherehani, kiasi fulani cha sentimeta juu ya pia ya goti, mguu ukiwa umenyooshwa. Yangu ilikuwa inabana juu na chini na kulegea katikati, na ili isiteleze nilizoea kuukaza mkanda wa chini kadiri ulivyoweza kufika. Kila jioni nilipoivua, mkanda ule uliacha mtaro mwekundu chini ya goti ambao haukufutika hadi baada ya swala ya isha. Nilipaswa kuuogopa mtaro ule, lakini niliuchukua kama ushahidi kwamba soksi inafanya kazi.

Mwezi wa Aprili, siku ya Alhamisi, nilivua soksi nikakuta shavu la mguu wa kulia limevimba na kukaza, ngozi ikiwa inang'aa, na nilipobonyeza palikuwa na maumivu. Nilidhani ni uchovu, nikalala nikiwa nimeinua mguu juu ya mto, asubuhi uvimbe ukawa bado upo. Binti yangu, anayesomea uuguzi, aliulinganisha mguu huo na ule wa kushoto, akanikataza kwenda kazini. Uvimbe wa mguu mmoja, kwenye shavu la mguu, wenye maumivu, unaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likikatika na kusafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Mtu mwenye dalili hiyo huenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama amepata pia kubanwa kifua au kukosa pumzi basi huenda saa hiyo hiyo.

Altrasaundi haikuonyesha damu iliyoganda. Ilionyesha mfuko wa maji nyuma ya goti, unaotokea pale goti linapotengeneza ute mwingi na ute huo ukasukumwa kwenda nyuma, na wangu ulikuwa umevuja kuelekea chini, ndiyo maana shavu la mguu lilivimba kwa namna inayofanana sana na ile ya damu kuganda hata daktari asingeweza kuzitofautisha kwa macho. Nilimuuliza daktari kama soksi ndiyo iliyosababisha. Alijibu kwamba hapana, goti lenyewe ndilo lililokuwa limechokozeka kwa miezi mingi, ila mkanda wa chini uliokazwa vile ulikuwa unazidisha uvimbe, na kwa kuwa goti lilikuwa limefunikwa muda mwingi sikuwahi kuona lilivyokuwa likijaa. Akaongeza jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu hapo: soksi ikianza kuacha alama za kina, vidole vya mguu vikifa ganzi au kubadilika rangi, au uvimbe ukitokea chini yake, inavuliwa, na mtu halali nayo kamwe.

Kilichonishangaza katika ziara ile ni kwamba daktari alikuwa na maswali mengi na vipimo vichache. Alitaka kujua kama goti liliwahi kukwama likakataa kunyooka au kukunjika, kama liliwahi kuniachia ghafla nikataka kuanguka, kama maumivu huniamsha usiku, kama nimepungua uzito bila sababu au kupata homa, na ukakamavu wa asubuhi hudumu kwa muda gani. Wangu ulikuwa wa dakika kumi hivi. Alinieleza kwamba ukidumu kwa saa nzima au zaidi, hasa kukiwa na viungo vingi vilivyovimba pande zote mbili za mwili, huanza kufikiria baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, ambayo ina dawa zake maalumu na haipaswi kucheleweshwa. Nilipoomba eksirei alisema kwamba kwa mtu wa umri wangu haikuwa ya lazima. Baadaye nilikuta kwamba mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unasema hivyo hivyo: mtu mwenye miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayoletwa na kutumia kiungo, na asiye na ukakamavu wa asubuhi au mwenye ukakamavu usiozidi dakika 30, anaweza kutambuliwa ugonjwa huu bila picha. Mwongozo huo huo hauzipi soksi na vifaa vya kufunga goti nafasi ya kawaida katika tiba. Unaviacha kwa wale ambao goti lao halina uthabiti au linabeba mzigo isivyo kawaida, na mazoezi hayawezekani au hayafanyi kazi bila kifaa.

Mazoezi hayo ndiyo niliyoandikiwa, na hapa tathmini yangu inalazimika kutoka kwenye bidhaa na kuingia kwenye huduma, kwa sababu haiwezekani kusema shilingi 15,000 ni rahisi au ni ghali bila kuzilinganisha na kitu kingine. Kwa mtaalamu wa fiziotherapia nililipa 20,000 kwa kila kipindi, na nilikwenda vipindi sita. Kipindi cha kwanza kilinikatisha tamaa, kwani nilitarajia kukandwa au kuwekewa mashine, nikaambiwa nikae kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote. Sikuweza. Msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ndio unaolizuia goti lisipokee kishindo cha kila hatua, ulikuwa umenyong'onyea kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa naukwepesha mguu huo kazi. Mtaalamu aliyapima mapaja yangu yote mawili kwa futi, na la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimeta mbili. Programu yenyewe haina maajabu: kuinuka na kukaa mara kumi kwa mizunguko mitatu, kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, kupanda na kushuka ngazi moja ya chini nikishikilia ukuta, na kutembea nusu saa kwenye njia tambarare. Kanuni aliyonipa ilikuwa ya manufaa kuliko zoezi lolote, kwamba maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika endapo yametulia kufikia kesho yake asubuhi, na kama goti limeamka limevimba basi napunguza idadi lakini siachi. Wiki tatu za mwanzo sikuona chochote, na wiki ya saba niliinuka kutoka kwenye tahiyatu bila kuweka mkono chini, nikajikuta nimesimama kabla sijakumbuka kwamba nilipaswa kuogopa.

Niliambiwa pia kuhusu uzito, kwa heshima, kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Nimepunguza kilo tano kwa kuacha chapati za saa nne.

Kwenye dawa nimetumia jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo kwa goti hufanya kazi vizuri kwa kuwa kiungo hiki kiko karibu na ngozi, na haiingii kwa wingi kwenye damu. Vidonge vya jamii hiyo ni habari nyingine. Watu huvinunua duka la dawa kama peremende na kuvimeza kwa miezi, ilhali vinaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kupandisha presha na kuumiza figo, na mwenzangu mmoja anayetumia dawa za presha alikuwa akishangaa kwa nini haishuki hadi alipoulizwa anameza nini kwa ajili ya magoti.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoiona soksi yangu ni kama nawashauri wanunue, na jibu langu hutegemea goti lenyewe linasemaje. Wanafunzi wangu wanaojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huzivaa kwa fahari kama nembo ya uchezaji. Kijana wa miaka 14 mwenye kijinundu kinachouma chini kidogo ya pia ya goti, pale kano inaposhikana na mfupa wa ugoko, mara nyingi ana mchokozo wa mfupa unaokua, na kupunguza kuruka na kukimbia humfaa kuliko soksi. Lakini aliyesikia mlio ndani ya goti alipogeuka na mpira, goti likajaa ndani ya saa chache, huyo ana damu ndani ya kiungo na huenda amekata kano. Kumvisha soksi arudi uwanjani ni kumwongezea jeraha, na mwaka huu nilimtoa mchezaji mmoja kwa sababu hiyo huku kocha akininunia. Kwa majeraha ya namna hii kuna kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, miaka ya 1990, zinazowasaidia madaktari kuamua nani apigwe eksirei: aliye na miaka 55 au zaidi, asiyeweza kutembea hatua nne, asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90, mwenye maumivu ya kubonyeza kwenye pia ya goti peke yake, au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje ya goti. Na mtoto anayechechemea akilalamikia goti ambalo halina kitu, nyonga yake nayo ichunguzwe, kwa maana maumivu ya nyonga hupenda kujitangaza gotini.

Mwezi wa Julai kaka yangu aliyeko Tanga alinipigia akaniomba nimnunulie soksi kama yangu na kumtumia kwa basi. Nilimwomba kwanza ajipime paja, maana kosa la saizi sikutaka alirudie. Alisema hawezi kunyoosha mguu apimwe, kwa sababu goti lilikuwa limevimba tangu jana, lina joto kama pasi, na usiku alitetemeka kwa homa. Sikwenda Kariakoo. Goti moja lililovimba ghafla, jekundu, la moto, lenye homa, linaweza kuwa na usaha ndani yake, na usaha hula gegedu kwa muda wa siku chache tu. Nilimwambia mke wake amkodie bajaji ampeleke hospitali ya mkoa, na ninakiri kwamba nilimsemesha shemeji yangu kwa sauti niitumiayo kwa kidato cha pili. Walimvuta maji ya goti kwa sindano wakayapima. Usaha haukuwapo, ilikuwa jongo (gauti), ambayo ina tiba yake, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kujua hilo bila ile sindano. Homa yenye maumivu ya viungo vingi kwa pamoja ni jambo jingine tena, na sisi wa huku hatuna udhuru wa kulisahau: homa ya chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake linatokana na Kimakonde, likimaanisha kujikunja, kwa namna wagonjwa walivyopindwa na maumivu.

Kwa hiyo, kama bidhaa, ninaipa soksi hii nyota tatu kati ya tano: nyota mbili nimezinyima kwa jasho na kwa uongo wa saizi moja, na kama ningeipa alama kwa ahadi ya wiki mbili aliyoitoa muuzaji isingepata hata moja. Anayetaka ya kazi ya kawaida achague ile iliyofumwa kwa nyuzi badala ya ya mpira, kwa sababu inapitisha hewa, na asinunue mahali wasipokubali apime kwanza na atembee nayo walau hadi barabarani na kurudi. Yangu nimebaki naivaa siku za kusimamia mitihani na nikisafiri kwenda Tanga, nikiwa nimeulegeza mkanda wa chini kiasi cha kupitisha vidole viwili. Mkanda huo umeanza kuota manyoya na haushiki sawasawa, na juzi nilipouliza bei ya mpya kijana akaniambia zimepanda hadi 18,000. Nilimwambia nitafikiria, nikazipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu bila kuzihesabu.